Msaada wa mzazi kwa mzazi katika wodi ya watoto wachanga

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, au akazaliwa kwa wakati wake lakini mgonjwa, mara nyingi hulazwa katika wodi maalumu ya watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti, takriban mmoja katika kila kumi. Msaada wa mzazi kwa mzazi ni mpango ambao mtu aliyewahi kuuguza mtoto wake katika wodi kama hiyo hujitolea, bila malipo, kuwa karibu na mzazi aliyemo sasa. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti inautaja miongoni mwa njia za kuzisaidia familia.

Daktari ataeleza habari za oksijeni, uzito na maambukizi. Lakini yapo maswali ambayo mama huona aibu kumuuliza: mbona namwogopa mwanangu mwenyewe? Je, ni mimi niliyekosea wakati wa ujauzito? Tena nyumba nzima iko kimya, maana ndugu hawajui kama watoe hongera au pole. Mzazi wa kujitolea huanza na hongera, kisha anauliza jina la mtoto. Akimkuta mama amekamua maziwa muda mrefu na kupata matone machache tu ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, huku jirani yake amejaza chupa, anaketi naye. Anamwambia kwamba na yeye yalimkuta, asiyamwage, ampelekee muuguzi.

Baba naye asisahaulike. Mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mtoto ndani ya inkubeta, mama akiwa bado hajainuka kitandani baada ya upasuaji, na kila anayempigia simu anamuuliza hali ya mama na mtoto tu. Kuzungumza na baba mwenziwe aliyesimama mahali hapo humpa nafasi ya kusema kwamba na yeye anaogopa.

Kazi hii ina mipaka, na kwa maoni yangu mipaka hiyo ndiyo inayoipa thamani. Anayejitolea hafasiri namba za mashine, hashauri dawa, wala hapewi kazi za muuguzi kwa sababu wodi ina upungufu wa watu. Na kuna sentensi moja anayopaswa kuizuia ulimini: "Wangu alikuwa mdogo kuliko huyu, na leo yuko shuleni." Inatoka kwa moyo mwema, lakini anayeisikia huichukua kama ahadi, na hakuna awezaye kuitimiza. Afadhali kusikiliza zaidi na kusimulia yake pale tu anapoulizwa.

Kwa hiyo si kila aliyepita huko anafaa mara moja. Anatakiwa kwanza awe ametulia na yaliyomkuta. Hufundishwa kusikiliza, kutunza siri, kunawa mikono ipasavyo, kutoingia wodini akiwa na mafua, na kutambua dalili za sonona baada ya kujifungua ili awaarifu wahudumu haraka. Yeye pia anahitaji mtu wa kuzungumza naye baada ya zamu, kwani mlio wa mashine ukianza tu unaweza kumrudisha katika siku zake mwenyewe.

Baada ya kuruhusiwa, msaada unaweza kuendelea kwa simu. Hofu ya nyumbani ni nyingine: hakuna mashine ya kuangalia pumzi, na wageni wanauliza mbona mtoto bado hajakaa. Ukuaji wa njiti hupimwa kwa kuhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hivyo aliyetangulia miezi miwili, akitimiza miezi sita, hulinganishwa na wa miezi minne. Mzazi aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi ana jibu fupi la kumpa mwenzake awajibu wageni.