Je, kila timu iliyopanda daraja hushuka?

Wafuatiliaji wengi wa soka la Uingereza huamini kwamba timu iliyopanda daraja hushuka msimu unaofuata. Imani hiyo imetoka Ligi Kuu, ambako timu zote 3 zilizopanda zilishuka papo hapo msimu wa 2023/24, na mambo yakajirudia 2024/25. Madaraja ya chini ni habari nyingine, kwa kuwa pengo la fedha kati yao ni dogo zaidi.

Luton Town, iliyopanda kutoka daraja la nne mwaka 2018, ilianza daraja la tatu kwa kufungwa 1-0 na Portsmouth. Baadaye ilicheza mechi 28 za ligi mfululizo bila kupoteza hata moja; na ingawa kocha Nathan Jones aliihama Januari kwenda Stoke City, tena katikati ya mbio hizo, Mick Harford, mshambuliaji wao wa zamani, aliishika timu hadi ikatwaa ubingwa kwa pointi 94. Wanaoshuka wapo, bila shaka: Forest Green Rovers, mabingwa wa daraja la nne mwaka 2022, waliburuza mkia daraja la tatu mwaka uliofuata.