Ngome ya Lamu si ya Wareno

Wengi tumekua tukisikia kwamba ngome iliyo hapo Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ilijengwa na Wareno. Si ajabu: Fort Jesus ya Mombasa kweli ni yao, walianza kuijenga 1593. Ya Lamu ilikuja baadaye sana. Ilikamilika mnamo 1821, miaka michache baada ya vita vya Shela (watu wa Lamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa), kwa msaada wa sultani wa Oman. Kuanzia 1910 hadi 1984 ikawa gereza (wazee wanaolikumbuka bado wapo), ndipo ikageuzwa makumbusho. Ukitaka kuhakikisha, soma maelezo yaliyomo ndani, kisha linganisha tarehe: Wareno walitolewa Mombasa kwa mara ya mwisho 1729.