Saa za kazini: kumlenga mnunuzi akiwa ofisini

Katika biashara ya mtandaoni, kulenga saa za kazini ni kupanga barua pepe, ujumbe wa simu na matangazo ya kulipia yamfikie mteja akiwa kazini, hasa zile dakika anazoiba kati ya shughuli moja na nyingine. Bidhaa ni ileile na bei ni ileile. Kinachochaguliwa ni saa.

Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Marekani. Mwaka 2005, Shop.org, kitengo cha chama cha wauzaji wa rejareja cha nchi hiyo, kilianza kuitangaza Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani kwa jina la Cyber Monday. Wauzaji walikuwa wameona kwamba watu hutembelea maduka mwishoni mwa wiki, kisha Jumatatu wanarudi kazini na mauzo ya mtandaoni yanapanda. Maelezo yaliyotolewa wakati huo ni kwamba intaneti ya ofisini ilikuwa na kasi, ilhali ya nyumbani kwa wengi bado ilikuwa ya kusuasua. Simu janja zimeifuta sababu hiyo, lakini tabia imebaki: mtu aliyekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi atachungulia dukani tu, mwajiri apende asipende.

Ila kuchungulia si kulipa, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapojikwaa. Saa nne asubuhi mfanyakazi anafungua ukurasa wa viatu, anatazama picha tatu, anaviweka kwenye kikapu, halafu anaitwa kikaoni. Kadi ya benki iko kwenye mkoba, namba ya uthibitisho inakuja kwenye simu iliyoachwa inachaji, na saizi ya mtoto hana uhakika nayo mpaka aulize nyumbani. Atalipa jioni, kama atakumbuka. Kwa hiyo ujumbe wa asubuhi ufanye kazi ya kuonyesha, na ule wa jioni ukumbushe kikapu kilichoachwa. Punguzo linalokwisha saa sita mchana kamili humkosa mtu huyu, na kwa maoni yangu humuudhi bure. Tena kikapu alichokijaza kwenye kompyuta ya ofisi bila kuingia kwenye akaunti yake hatakikuta kwenye simu. Kitufe cha kujitumia bidhaa kwa barua pepe kinaweza kuokoa mauzo hayo.

Na mazingira yenyewe yana adabu zake. Video inayoanza kupiga muziki yenyewe itafungwa haraka kabla jirani wa meza hajageuka. Kichwa cha barua pepe kinachopiga kelele kuhusu nguo za ndani hakifunguki bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Kwa upande wa mitambo, programu nyingi za kutuma barua pepe huweza kufuata saa za mahali alipo mpokeaji. Google Ads hukuruhusu kuchagua siku na saa za tangazo kuonekana, lakini ratiba hiyo hufuata saa za akaunti yako, wala si za mtazamaji. Anayeuza nchi zenye saa tofauti bila kulizingatia hilo anaweza kulipia matangazo ya usiku wa manane akidhani ni asubuhi ya kazi. Halafu kuna wauguzi, madereva na walinzi wa zamu, ambao saa zao za kazi hazifanani kabisa na za ofisini.

Kujua saa inayofaa, usitegemee takwimu za barua zilizofunguliwa, kwa kuwa kufunguliwa huko huhesabiwa pale picha iliyomo ndani ya barua inapopakuliwa. Tangu 2021, programu ya barua pepe ya Apple huweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaisoma, hivyo saa ya kufunguliwa inayorekodiwa huenda si ya kweli. Tazama mibofyo na malipo, kila kimoja kwa saa yake. Pengo kati ya kilele cha mibofyo na kilele cha malipo ndilo litakalokuambia ujumbe wa kukumbusha utoke saa ngapi.