Barabara ya kuzuia moto: maana yake na kazi yake kijijini

Barabara ya kuzuia moto ni ukanda wa ardhi uliofyekwa na kukwatuliwa mpaka udongo mtupu ukaonekana, ili moto unaosambaa katika nyasi kavu ukose cha kuunguza utakapofika hapo. Katika maeneo yenye mashamba makubwa ya miti, kama Sao Hill wilayani Mufindi, mkoani Iringa, barabara hizi hutenganisha vitalu vya misindano na nyingine hupitisha magari. Hata hivyo, kijiji chenye majembe na mapanga tu kinaweza kuwa nazo pembezoni mwa msitu wake wa hifadhi, kuzunguka shule, au kati ya mashamba na makazi.

Ni muhimu kuelewa kwamba barabara hiyo peke yake haizimi moto. Kazi yake ni kuupunguza nguvu na kuwapa watu mahali salama pa kusimama wanapoukabili. Upepo wa kiangazi hubeba vipande vya magome na majani yanayowaka ukavitupa ng'ambo ya pili, na kama hakuna mtu wa kuvizima papo hapo kwa matawi mabichi, udongo au ndoo ya maji, jasho lote la kufyeka litakuwa limepotea. Kwa hiyo, kijiji kinachopanga barabara bila kupanga zamu za watu kimefanya nusu ya kazi.

Upana wake hutegemea urefu wa nyasi, nguvu ya upepo na sura ya ardhi. Mteremko ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu moto unaopanda mlima huenda kasi kuliko ule wa tambarare: miali huinamia nyasi zilizo juu yake na kuzikausha kabla haijazifikia. Ndiyo maana barabara iliyochongwa kwenye mgongo wa kilima, ambako moto huanza kupungua kasi, hufaa kuliko iliyokatwa katikati ya mteremko, na ndiyo maana pia mtu hapaswi kamwe kusimama juu ya moto unaopanda. Akizidiwa, akimbilie sehemu isiyo na majani au iliyokwisha kuungua na kupoa.

Kwa vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, wakati mzuri wa kufyeka ni mara mvua zinapokatika, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Kisha kuna kazi ambayo wengi huisahau. Miti ya miombo hupukutisha majani katikati ya kiangazi, na barabara iliyokuwa safi mwezi wa Juni huweza kufikia Septemba ikiwa imefunikwa zulia la majani makavu yanayouvusha moto bila shida. Ni lazima irudiwe kwa reki au fagio za miti, na nyasi zilizokatwa zitupwe mbali, zisirundikwe pembeni.

Moto mwingi huanzia mikononi mwa watu: anayeandaa shamba, anayerina asali kwa mwenge, mfugaji anayetaka majani mapya yachipue. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inadai kibali kabla ya kuchoma uoto nje ya eneo la makazi, na mwombaji anayefika kwa mtendaji wa kijiji ni nafasi nzuri ya kuuliza kama amezungushia shamba lake ukanda uliofyekwa, kama majirani wana habari, na kama upepo umetulia. Moto ukishinda, kengele ya rimu ya gari iliyotundikwa shuleni huita watu, nayo namba 114 hulifikia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Miali ikishazimika, watu wachache wabaki wakikagua kandokando ya barabara hadi kesho yake, wakisogeza mgongo wa mkono karibu na visiki na magogo bila kuyagusa ili kuhisi joto, kwa kuwa kisiki kinachofuka ndani huweza kuwasha upya nyasi upepo wa mchana unaporudi.