Chuo cha onazi si tuzo ya Division One

Kila msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani ukianza, kuna swali moja ninaloulizwa na wazazi, na siku hizi hata na wanafunzi wenyewe: "Mwalimu, mtoto ana Division One ya pointi 3, insha za kuombea onazi za nini tena? Si wampe tu?" Wa Nairobi naye huuliza hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye anashika A ya KCSE. Onazi ni mpango wa kusoma kwa undani, wa watu wachache, ndani ya chuo kikuu cha Marekani, na una maombi yake. Swali hilo nimelijibu kwa mdomo na kwa simu mpaka sauti imekauka. Safari hii naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia makala hii.

Dhana: onazi ni tuzo ya alama ulizokwisha kupata

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu inawaharibia vijana wazuri. Wanaingia wakidhani wamekabidhiwa medali, wanaitaja kwenye sivii, halafu mwaka wa tatu ikidaiwa kazi yenyewe wanajitoa kimya kimya. Chuo cha onazi, kile ambacho mlangoni kimeandikwa Honors College, hakikuundwa kumpongeza mtu. Kiliundwa kubadilisha namna ya kusoma.

Ukitaka kuelewa, anza na Frank Aydelotte. Alizaliwa Indiana, akaenda Oxford mwaka 1905 kwa ufadhili wa Rhodes, akasoma katika chuo cha Brasenose. Kule alikuta mwanafunzi wa digrii ya kawaida na mwenzake wa honours hawapiti njia moja. Yule wa honours alizama kwenye fani moja, alikwenda kwa tyuta wake, yaani mwalimu wa kumsimamia, kila wiki na insha aliyoiandika mwenyewe, na mwishoni alipimwa kwa mitihani mikubwa ya kumalizia, si kwa kudunduliza alama kozi baada ya kozi. Huko kwao Marekani wote walitembea mwendo mmoja, mwepesi na mzito: hudhuria, fanya jaribio, kusanya yuniti, hamia kozi nyingine. Aydelotte aliona mwendo huo unawachelewesha walio tayari kwenda mbali, na unawafundisha kutafuta alama badala ya maarifa.

Mwaka 1921 akawa rais wa Swarthmore, chuo kidogo karibu na Philadelphia kilichoanzishwa na Wakweka, madhehebu ya Kikristo, mwaka 1864. Mwaka uliofuata, 1922, akaanzisha mpango wake. Wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho waliokubaliwa waliachana na madarasa ya kawaida, wakawa na semina mbili tu kwa muhula. Semina ilikuwa watu wachache kuzunguka meza, mara nyingi sebuleni kwa profesa, na vikao vyake vilikuwa virefu. Mwanafunzi aliandika karatasi yake, wenzake wakaichambua mbele yake, naye akaitetea. Hapakuwa na pa kujificha nyuma ya daftari.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo roho ya mpango wote: mtihani. Walimu wa Swarthmore hawakuwatahini wanafunzi wao wa onazi. Walialikwa watahini kutoka vyuo vingine, watu ambao hawakuwahi kumfundisha kijana yule wala hawakujua tabia yake darasani. Alifanya mitihani ya maandishi, halafu akakaa nao ana kwa ana akahojiwa. Fikiria hilo linafanya nini kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu hashiki tena fimbo ya alama. Yeye na mwanafunzi wako upande mmoja, wote wanajiandaa kumkabili mgeni. Hakuna haja ya kumbembeleza mwalimu wala ya kukisia "anataka jibu gani". Swarthmore wanaendelea kuwaleta watahini wa nje hadi leo.

Sasa mzazi mwenzangu, katika hayo yote, tuzo iko wapi?

Vyuo vikuu vya majimbo viliichukua fikra hiyo kwa sababu nyingine, nayo ni wingi. Baada ya vita kuu ya pili, sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha wanajeshi waliorudi ilijaza vyuo, na kumbi za mihadhara zikawa za mamia ya watu. Mwanafunzi aliweza kumaliza miaka minne bila profesa yeyote kumjua kwa jina. Wazazi wenye uwezo waliwapeleka wanao kwenye vyuo binafsi vidogo, na majimbo yakawa yanapoteza vijana wake bora. Jibu lilikuwa kutengeneza chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa. Michigan State walifungua chuo chao cha onazi mwaka 1956. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, Marekani nzima ikaingiwa na hofu ya kuachwa nyuma, na mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kumwaga fedha za shirikisho kwenye elimu. Mwaka huo huo wa Sputnik, Joseph Cohen, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado, alikuwa ameanza kuongoza kamati ya vyuo mbalimbali kuhusu wanafunzi wenye vipaji, kwa fedha za shirika la Carnegie. Kamati hiyo ilieneza mipango ya onazi nchi nzima mpaka ilipovunjwa mwaka 1965, na mwaka 1966 likaundwa baraza la kitaifa la vyuo vya onazi ambalo lipo mpaka sasa. Oregon walikuwa wamekwisha kufungua chao mwaka 1960.

Nimeyataja haya si kwa kupenda tarehe. Popote unapoigusa historia hii, swali lililoulizwa ni moja: kijana aliye tayari kusoma kwa undani tumpe nini? Halikuulizwa kamwe swali la nani avishwe koja.

Ndiyo maana karibu kila chuo cha onazi kinamalizia na tasnifu, na ndipo wenye fikra za medali wanapoanguka. Kwa kawaida, mwishoni mwa mwaka wa tatu unatakiwa uwe na swali lako la utafiti, msimamizi aliyekubali kwa saini yake, na mara nyingi msomaji wa pili. Mwaka wa nne unaandika, unarudishiwa rasimu imejaa wino, unaandika upya, kisha unaitetea. Kijana mmoja wa Tanga niliyewahi kumshauri alikuwa na alama za juu kuliko wote wa kundi lake. Alikwama kwa kitu kimoja tu: miaka mitatu ilipita hajaongea na profesa hata mmoja nje ya darasa, na ulipofika wakati wa kumwomba mtu amsimamie, hakuwa na wa kumgongea mlango. Somo alilimudu. Watu ndio hakuwa nao.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wanaujua kwa moyo, ni huu: kabla wiki ya tatu ya muhula wa kwanza haijaisha, nenda kwenye saa za ofisi za profesa mmoja. Usiende kujitambulisha tu. Nenda na kitabu chenyewe, kifungue ukurasa uliokutatiza, uliza swali moja kuhusu ukurasa huo. Muhula unaofuata fanya hivyo kwa mwingine. Sisi tumelelewa kumwogopa mwalimu na kuona kwamba kumfuata ofisini ni kujipendekeza. Kule ofisi ile ina saa zilizotangazwa kwa ajili yako, na usipokwenda anakaa peke yake.

Dhana: ni sawa na First Class yetu

Si sawa, ingawa shina ni moja. Vyuo vyetu vilirithi honours za Waingereza: Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1961 nayo ilikuwa tawi la London. Kwa mfumo huo, daraja ni matokeo. Pale Mlimani, Dar es Salaam, GPA (wastani wa alama) ya 4.4 kwenda juu kati ya 5 ni First Class, basi, bila kujali ulisoma semina au mihadhara. Marekani kitu kinachofanana na hicho ni yale maneno ya Kilatini kwenye cheti, cum laude ("kwa sifa") na wenziwe, ambayo nayo kwa kawaida huja na alama. Chuo cha onazi ni njia unayopita ukiwa bado unasoma. Unaweza kupata cum laude bila kukanyaga chuo cha onazi, na unaweza kumaliza onazi ukakosa cum laude ya juu.

Na wanaodhani ni udaktari wa heshima, ule wanaovishwa marais na wafadhili siku ya mahafali: hapana, havina uhusiano wowote.

Dhana: ukikubaliwa onazi, umelipiwa

Hapa naomba nieleweke bila kupindisha. Barua ya onazi si barua ya ufadhili. Kuna vichache vilivyojengwa pamoja na fedha: Macaulay ya New York, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2001, inajulikana kwa kuwalipia karo wakazi wa jimbo lile. Mwanao anayetoka Morogoro si mkazi wa jimbo lile. Vingine vina fedha kidogo za kuongezea, na vingine vinakutoza wewe juu ya karo: Barrett ya Arizona State ina ada yake ya onazi. Majina makubwa ya matajiri milangoni yanawadanganya watu. Familia ya Schreyer iliipa Penn State dola milioni 30 mwaka 1997, na familia ya Barrett iliipa Arizona State dola milioni 10 mwaka 2000. Fedha hizo zilijenga programu. Hazikufuta ankara ya kila anayeingia.

Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza ya mwanafunzi, chuo hakiitoi mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zinatoka wapi. Nimeona familia zikifanya sherehe ya kumuaga kijana kwa sababu ya barua ya onazi, halafu mwezi Juni wanaanza kuuza kiwanja. Iulize ofisi ya fedha ya chuo kwa barua pepe, maneno haya haya: "Kukubaliwa onazi kunapunguza ankara yangu kwa dola ngapi kwa mwaka, na kwa miaka mingapi?" Jibu lisipokuwa na tarakimu, hesabu sifuri.

Dhana: onazi itaniangushia GPA, na mimi nataka udaktari wa tiba

Mara nyingi unatakiwa ubaki juu ya 3.25 hadi 3.5 kati ya 4.0 ili usiondolewe, kwa hiyo hofu naielewa. Lakini onazi si rundo la mazoezi mara mbili. Kozi nyingi za onazi zinachukua nafasi ya kozi za lazima ambazo ungezisoma vyovyote vile, ila katika darasa la watu wachache. Pale Barrett, wa mwaka wa kwanza wanasoma semina ya mihula miwili iitwayo The Human Event, wanajadili maandiko ya tangu kale mpaka sasa. Ugumu wake ni kusoma kabla ya kuja na kufungua mdomo ukishafika. Aliyezoea kukariri usiku wa kuamkia mtihani atahangaika wiki za mwanzo. Anayetaka udaktari atahitaji barua za maprofesa wanaomfahamu kweli, na barua hizo haziandikwi na ukumbi wa watu 300.

Dhana: ni chuo tofauti, na ni cha sayansi tu

Cheti ni cha chuo kikuu kile kile, na fani unaisomea kwenye idara ile ile na wenzako wote. Mhandisi, mwanahistoria na mpiga fidla hukutana humo. Aydelotte mwenyewe alikuwa mtu wa fasihi ya Kiingereza.

Dhana: nimepata barua pepe ya "honor society", nimechaguliwa

Kama inakuomba ulipie kwanza ili upate cheti, muulize mshauri wako wa masomo kabla hujatoa kadi. Zipo jumuiya za heshima za kweli, na kongwe zaidi, Phi Beta Kappa, ni ya mwaka 1776. Lakini jumuiya ni uanachama. Haikufundishi chochote, na haihusiani na chuo cha onazi.

Dhana: usipoingia mwaka wa kwanza, umekosa

Vyuo vingi vina mlango wa pili, baada ya muhula au mwaka wa kwanza, na vingine hupokea waliohamia kutoka vyuo vya miaka miwili. Mlango huo mimi naupenda kuliko ule wa kwanza, maana hapo hawakutazami kwa Division wala kwa mtihani wa taifa. Wanaangalia GPA ya pale pale, wanasoma insha yako, na mara nyingi wanataka barua ya mwalimu aliyekufundisha. Tarehe za mwisho hubandikwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe cha onazi, si kwenye ule wa udahili wa jumla ambako watu huzitafuta wakazikosa. Na barua ya mwalimu iombe mwezi mzima kabla, ukiwa umeambatisha karatasi bora uliyoandika katika somo lake.