Neno "baba" halikuja na jahazi

Kila muhula hutokea mwanafunzi wa isimu akanieleza, kwa uhakika kamili, kwamba neno "baba" tumelikopa kwa Waajemi au Waturuki, kwa kuwa nao humwita mzazi wa kiume vivyo hivyo. Dai hili nimelisikia mno, nalo linanikera kwa sababu linamnyang'anya Mswahili hata jina la mzazi wake bila ushahidi wowote.

Ni kweli kwamba Kiajemi na Kituruki vina "baba", lakini Kichina nacho kinalo, na Kishona na Kizulu, lugha za Kibantu zilizo mbali na bandari zetu, zina "baba" na "ubaba". Mfanano huo chanzo chake ni kinywa cha mtoto mchanga: b, p na m hutamkwa kwa kufumba na kufumbua midomo, hivyo ni miongoni mwa sauti za awali anazozimudu, naye huzirudiarudia pamoja na a kabla hajazipa maana, wazazi wakaitikia kana kwamba wameitwa. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili katika makala ya mwaka 1960, akitumia maneno 1,072 ya kumtaja mama na baba yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock.

Kwa hiyo anayetaka kuthibitisha undugu wa lugha asiniletee neno moja la silabi mbili, bali alete safu ya maneno yanayofuata kanuni, kama "macho", "cheka" na "mchanga" ya Kiunguja yanavyolingana na "mato", "teka" na "mtanga" ya Kimvita. Mkopo nao huacha alama: "kitabu", "katibu" na "maktaba" yamebeba mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b. "Baba" halina alama ya namna hiyo.

Wengine hudhani kwamba "baba" ni mzazi wa kiume duniani kote. Sivyo. Kwa Warusi ni mwanamke, hasa wa kijijini. Kwa Wajapani ni bikizee. Keki ya Kifaransa iitwayo "baba" ndiyo mkopo wa kweli, kwani jina lake limetoka Kipolandi, ambako pia lina maana ya mwanamke mzee.

Na anayeshikilia kwamba "mama" haliwezi kuwa jingine ila mzazi wa kike akasome Kijojia, lugha ya Caucasus, ambamo "mama" ni baba, na mama huitwa "deda".