Jina la Mwanamke Kwenye Karatasi ya Urais

Hapa Moshi ukimtaja marehemu Anna Mghwira, wengi humkumbuka kama Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, kazi aliyoishika kuanzia Juni 2017 hadi alipostaafu Mei 2021. Julai ya mwaka huohuo alifariki dunia jijini Arusha. Wachache hukumbuka papo hapo kwamba kabla hajaletwa kwetu, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya urais katika kila kituo nchini, Bara na Visiwani. Na hao wanaokumbuka, swali lao la kwanza katika vikao vyetu vya elimu ya uraia huwa lilelile: alipata kura ngapi?

Alipata kura 98,763, sawa na asilimia 0.65. Kati ya wagombea 8 wa Oktoba 2015 alishika nafasi ya tatu, nyuma ya John Magufuli aliyepata 8,882,935 na Edward Lowassa, mtu wa Monduli, aliyepata 6,072,848. Ukishazitaja namba hizo, kikao hutulia kidogo, kisha mtu husema, "Basi hakuwa na wafuasi," na mazungumzo yanafungwa. Naona tunaanzia hesabu mwishoni. Kura ni jibu la mpigakura. Lakini kabla mpigakura hajapewa nafasi ya kumkubali au kumkataa mwanamke, wapo watu wengine waliokwisha kuamua kama jina lake lifike mbele yake au lisifike kabisa. Uamuzi huo ndio uteuzi, na kwa miaka mingi ndipo majina ya wanawake yalipokuwa yakikatwa, hata mtu wa kawaida asijue kwamba yalikuwepo.

Katiba yenyewe haina kikwazo. Ibara ya 39 inamtaka anayewania urais awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe na sifa za kuchaguliwa kuwa Mbunge au Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na katika miaka mitano iliyotangulia asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi. Hakuna neno hata moja linalotaja jinsia. Sharti linalobaki ndilo zito kuliko yote: lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho.

Ukishapendekezwa na chama, kazi ya karatasi inaanza. Mgombea na mgombea mwenza wake huchukua fomu kwa pamoja Tume ya Uchaguzi, na fomu hizo haziendi nyumbani kukaa kabatini. Zinatakiwa kuzungushwa mikoani kutafuta wadhamini, yaani wapigakura walioandikishwa wanaokubali kuweka majina na saini zao. Wanahitajika wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo lazima iwe ya Zanzibar. Jumla ni watu 2,000 kwa uchache. Baada ya hapo mgombea anakula kiapo cha tamko la kisheria mbele ya jaji, anaweka dhamana, anarejesha fomu, na Tume inazikagua kabla ya kutangaza kwamba ameteuliwa.

Hesabu hiyo ya watu 2,000 naipenda sana, na nikiieleza mbele ya kina mama huwa naisema mara mbili. Maana yake ni kwamba Watanzania wasiojulikana, wengine wakiwa hawana hata kadi ya chama husika, walikaa na fomu mbele yao, wakaona jina la mwanamke limeandikwa kwenye nafasi ya mgombea wa kiti cha Rais, wakatoa kitambulisho cha mpigakura na kutia saini. Mwaka 2015 walifanya hivyo kwa mama aliyezaliwa Singida, aliyesoma teolojia Makumira, sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongeza shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, na aliyekuwa mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu na miezi kadhaa tangu kisajiliwe. Chama kichanga hakina ofisi kila wilaya wala magari ya kuzunguka. Saini hizo zilipatikana hata hivyo. Tukisherehekea uteuzi wa mwanamke, tuwasherehekee na hao.

Yeye hakuwa wa kwanza. Mwaka 2005 Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo aliweka historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwania urais wa Tanzania. Wagombea walikuwa 10, kura zake zilikuwa 18,783. Mwaka huohuo Liberia ilimchagua Ellen Johnson Sirleaf, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa Rais, na jirani zetu Kenya walikuwa wameshaona majina ya Charity Ngilu na Wangari Maathai kwenye kinyang'anyiro cha urais cha 1997. Hata Marekani, nchi inayojisifu kwa uchaguzi wa miaka mingi, ilisubiri hadi Julai 2016 ndipo chama kikubwa kikamteua mwanamke, Hillary Clinton, kuwania urais, naye akapata kura nyingi zaidi za wananchi na bado akaukosa.

Kwenye karatasi ileile ya 2005 iliyokuwa na jina la Senkoro palikuwa pia na jina la Mchungaji Christopher Mtikila, na hapo hadithi yetu inaingia Arusha. Kwa miaka mingi Mtikila alidai mahakamani kwamba mwananchi aruhusiwe kugombea bila kupitia chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Bunge likabadilisha Katiba kuziba njia hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge kuamua, si la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, barabara ya Dodoma. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo, ikiongozwa na Rais wake Jaji Sophia Akuffo wa Ghana, iliamua kwamba kumlazimisha mtu kuwa na chama ndipo agombee kunakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Katiba yetu bado haijabadilishwa.

Nalitaja shauri hilo kwa sababu watu hulisoma kama ugomvi wa Mtikila na serikali. Mimi nalisoma pia kama shauri la wanawake, ingawa halikufunguliwa kwa ajili yao. Pale ambapo mlango ni mmoja tu, aliyeshika ufunguo ndiye anayeamua nani aingie, na ndani ya vyama vyetu ufunguo umekaa mikononi mwa wanaume kwa muda mrefu.

Wakati mwingine mlango hufunguka kidogo na watu wasione. Julai 2015, pale Dodoma, Mkutano Mkuu wa CCM uliletewa majina matatu ya mwisho. Mawili yalikuwa ya wanawake: Balozi Amina Salum Ali na Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa amewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Magufuli alipata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Wajumbe walikuwa na wanawake wawili wenye sifa zisizotiliwa shaka, na hata kura zao ukizijumlisha hazikufika 320. Lakini mkutano huohuo ndio uliopokea jina la Samia Suluhu Hassan kama mgombea mwenza.

Ndiyo maana wanafunzi huniuliza: kama Mama Samia amekuwa Rais tangu 19 Machi 2021, kwa nini uteuzi wake wa Januari 2025 uitwe wa kihistoria? Jibu lipo kwenye Ibara ya 37(5). Rais akifariki, Makamu wa Rais anaapishwa na kumaliza muda uliobaki. Yeye aliingia Ikulu kwa njia hiyo ya Katiba, halali kabisa, bila ya mkutano wowote wa chama kukaa na kumteua awe mgombea urais. Na kwa kuwa muda uliobaki ulikuwa zaidi ya miaka mitatu, Ibara ya 40(4) inamruhusu kugombea mara moja tu. Mkutano Mkuu uliofanyika Dodoma Januari 2025 ulikuwa wa kwanza katika historia ya CCM kumpitisha mwanamke kuwania urais wa Muungano. Kwenye karatasi ya Oktoba 2025, yenye wagombea 17, wanawake walikuwa watatu, maana vyama vya UDP na UMD navyo viliteua wanawake. Uchaguzi ule una maswali mazito, ikiwemo chama kikuu cha upinzani kutokuwepo kwenye karatasi na Watanzania waliopoteza maisha, na jinsia ya mgombea haiyajibu. Elimu ya uraia inatutaka tuyashike yote mawili mkononi bila kuliacha moja lianguke.

Turudi kwetu Kilimanjaro, maana mkoa huu haujakosa wanawake wa kuongoza. Lucy Lameck alizaliwa Njoro, hapahapa Moshi, mwaka 1934. Alisomea uuguzi, akafanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha KNCU, akaingia TANU, akaenda kusoma Ruskin College kule Oxford, na aliporudi akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960. Baada ya Uhuru akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa ngazi ya wizara. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu hapo. Mkoa umetoa wagombea urais wanaume, Augustine Mrema mwaka 1995 na Freeman Mbowe mwaka 2005, na bado sijasikia binti wa Mlimani ambaye jina lake limefika kwenye karatasi hiyo.

Sababu mojawapo ninayoiona haipo kwenye vitabu vya sheria, ipo shambani. Siasa inahitaji fedha, na fedha ya kuanzia, kwa familia nyingi za hapa, ni mali inayoweza kuuzwa au kuwekwa rehani. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa mila hurithishwa watoto wa kiume. Kaka akitaka kugombea udiwani, ana cha kushika mkononi. Dada yake aliyeolewa anaambiwa mali yake ipo kwa mume, akienda kwa mume anaambiwa ile ni ya ukoo. Anabaki na akiba ya vicoba, ambayo ni ya ada ya watoto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na naomba kila mama anayesoma hapa alijue hilo hata kama hana mpango wowote wa kugombea.

Sababu nyingine ni ngazi yenyewe ya kupandia. Viti maalum vimetusaidia sana, na Ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa aina hiyo wasipungue asilimia 30. Wanaovidharau hawakumbuki Bunge lilivyokuwa kabla yake. Lakini Ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni. Mbunge wa viti maalum, awe hodari namna gani, hawezi kuteuliwa. Kwa hiyo mwanamke anayebaki viti maalum kwa vipindi vitatu mfululizo anajenga uzoefu ila hajengi jimbo, na siku chama kinapotafuta mgombea urais, wajumbe huuliza ana jimbo gani, ana watu gani. Kwa maoni yangu nafasi hizo zingewekewa ukomo wa vipindi, ili anayezipata ajue mapema kwamba safari inaendelea jimboni. Wapo wenzangu wanaopinga, wakisema majimboni rushwa na matusi bado ni makali mno kwa wanawake. Wana hoja. Maswali anayoulizwa mama jukwaani, watoto umemwachia nani, mzee wako anasemaje, sijawahi kusikia mgombea mwanamume akiulizwa.

Sasa kwa dada au mama wa Pasua, Uru, Marangu au Usa River anayejiuliza aanzie wapi, jambo la kuelewa ni ratiba. Watu waliopiga kura 2,104 kwa 253 kwa 59 mwaka 2015 hawakuokotwa barabarani. Ni wajumbe, na safari ya ujumbe huanzia kwenye uchaguzi wa ndani ya chama: tawi, kata, wilaya, mkoa. Kwa CCM chaguzi hizo zilifanyika 2017 na 2022, na kwa mpangilio wa miaka mitano zinafuata 2027. Vyama vingine vina ratiba zao, na katibu wa tawi au wa kata ndiye wa kumuuliza. Atakayekaa ukumbini kupitisha jina la mgombea urais wa 2030 anaanza kwa fomu ya ngazi ya tawi, ambako mara nyingi nafasi hukosa hata mtu wa pili wa kushindana naye. Na kama chama sio njia yako, hakikisha taarifa zako zipo sahihi kwenye Daftari la Kudumu la Wapigakura, kata unayoishi sasa na siyo ile uliyoishi kabla ya kuolewa au uliyohama zamani. Mdhamini ambaye hayumo daftarini saini yake haihesabiwi.